Nimedhalilishwa uwanja wa ndege leo asubuhi kisa sato. Hawa jamaa wa bei chee wanatuonaje?

Ngosha wa Pasiansi

Wakuu, asubuhi yangu si njema, kwa hiyo msijisumbue kunisalimia.

Niko uwanja wa ndege hapa Mwanza, nimekaa kwenye viti vya kusubiria, mkono unatetemeka, naandika kwa kidole kimoja. Hawa jamaa mnawajua. Siwataji, maana hata nikiwataja mtasema "hao tena?". Ni wale ambao ukifungua tovuti unaiona nauli mpaka unamshukuru Mungu, ukifika kwenye kulipa unakuta nauli imeoa na imezaa.

Dada wa kaunta amemgusa sato wangu kwa KALAMU.

Ngoja nianze mwanzo, hasira zinanitangulia. Nina begi la mgongoni, moja tu. Ndani kuna laptopu, chaja, shati na koti la kikao, kandambili na sato wanne wa kukaanga. Samaki nimewafuata mwenyewe Igombe jana jioni, mama watoto kawakaanga usiku mpaka wakakauka vizuri, tukawafunga gazeti, juu ya gazeti kitambaa, kisha tukawalaza kwenye boksi la viatu. Mama mkwe yuko Tabata, Dar, aliagiza kwa mdomo wake: "Baba, usije mikono mitupu." Sasa mlitaka nimpelekee nini, korosho?

Nafika kaunta. Dada ananitazama begi, hanitazami usoni. "Weka kwenye mzani." Naweka. Mzani unasoma 9.4. "Begi la mkononi mwisho kilo 7, mzee."

Mzee! Mimi! Nina mvi mbili na zote ziko kwenye ndevu.

Nikamuuliza, laptopu nayo inahesabiwa? Kila kitu kinahesabiwa. Chaja? Inahesabiwa. Nikamwambia basi navaa koti. Akasema vaa. Nikavaa koti, jua la Mwanza mnalijua, mzani ukashuka kidogo kisha ukakataa kabisa. Wakati huo huo jamaa aliyenitangulia kapita na begi la magurudumu ambalo ukilisimamisha ni refu kuliko mwanangu wa darasa la tatu. Halikupimwa. Walicheka naye, wakamuuliza habari za Dodoma, akapita.

"Fungua tuone unapunguza nini." Nikafungua. Foleni nzima nyuma yangu. Kifuniko cha boksi kikateleza, gazeti likafunuka, kichwa cha sato mmoja kikatokeza. Dada akachukua kalamu yake, akamgusa shavuni kwa ncha, akauliza kwa sauti ya kusomea taarifa ya habari:

"Na huyu ana tiketi yake?"

Wakuu. Foleni ilicheka. Walinzi walicheka. Nina hakika rubani alisikia akacheka, na sasa huyo ndiye anayenirusha mimi.

Bei ya kilo za ziada waliyonitajia hata sitaki kuiandika, nikilipia sato wote ningemkatia mmoja wao siti ya dirishani. Lakini sijaja kulalamikia hela. Nalalamikia kalamu. Samaki wa watu anaguswa kwa kalamu? Angetumia mkono, angetumia tishu, angenyamaza. Kalamu!

---

Dagaa Kauzu

Nawahi siti ya mbele. Uzi huu utakuwa mtamu.

---

Mama Pacha Buzuruga

Kalamu ilikuwa ya wino wa bluu au mwekundu? Kama ni mwekundu basi sato alikuwa anasahihishwa.

---

Konda Mstaafu

Ndiyo maana nawaambia kila siku, basi ni bora. Pale Nyegezi konda anapima mzigo kwa macho, anakutajia, unalia, anapunguza, mnaondoka marafiki. Ungeweka sato kwenye buti, na kuku ungeweka, na gunia la mchele wa Magu. Nani angekuchomoa na kalamu?

---

Mama Pacha Buzuruga

@Konda Mstaafu hao sato wangefika Dar wamekufa mara ya pili. Zaidi ya kilomita elfu moja na mia moja, buti ina joto la tanuri. Acha zako.

---

Mtoto wa Kapripoint

Mleta mada, pole, ila ngoja nikuchome kidogo. Ulinunua kiti, hukununua mzigo. Ndivyo biashara ya ndege za bei chee ilivyo dunia nzima, nauli ya chini ni chambo, hela wanaipata kwenye begi, siti, chakula, kubadili tarehe. Wazee wa hapa mnakumbuka Fastjet ilipoanza Novemba 2012, Dar kwenda Mwanza na Kilimanjaro, nauli ya kuanzia 32,000 kabla ya kodi. Watu walipigana vikumbo. Hapo ndipo wengi wetu tulipojua kumbe begi lina nauli yake. Miaka yote hiyo imepita na bado mnashangaa mzani.

Cha kufanya: kilo za begi la chini zilipie mtandaoni siku unapokata tiketi. Ukisubiri kaunta wanakutajia bei ya mtu aliyekwama, maana umekwama kweli.

---

Ngosha wa Pasiansi

@Mtoto wa Kapripoint umesoma nilichoandika? Nimesema SILALAMIKII HELA. Dada amemgusa sato kwa kalamu. Shavuni.

---

Mtoto wa Kapripoint

Sasa alitaka amguse wapi?

---

Dagaa Kauzu

😂😂😂

---

Mbeba Maboksi Leeds

Nyie mnalia na kilo 7? Njooni huku. Ndege za bei chee za huku, Ryanair begi la bure ni lile la kuingia chini ya kiti tu, sentimita 40 kwa 30 kwa 20, na hapo wameongeza mwaka 2025, kabla yake lilikuwa 40 kwa 25 kwa 20. easyJet wao ni 45 kwa 36 kwa 20. Mlangoni kuna kisanduku cha chuma, begi likigoma kuingia unalipia pale pale na watu wanakutazama. Nimeona mwanaume mzima kalikalia begi lake liingie.

Na kuchekini ni kazi yako mwenyewe kwenye simu. Ukisahau, Ryanair uwanjani wanakutoza euro 55 au pauni 55 inategemea unatokea wapi. Tangu Novemba 2025 hata bodingi ya kuchapisha nyumbani hawaitaki, ni ya kwenye simu tu. Huku hakuna wa kukuita mzee. Hakuna wa kukuita chochote.

---

Konda Mstaafu

@Mbeba Maboksi Leeds na maboksi yako ya kazini yanapimwa sentimita ngapi?

---

Mbeba Maboksi Leeds

Nilijua tu.

---

Shemeji wa Bukoba

Mimi senene zangu Novemba zilipita bila neno. Nimezikaanga zikakauka, nimezitia kopo la kahawa, nimeweka kwenye begi. Mkaguzi kafungua, kaonja, kafunga. Tatizo si kilo, tatizo ni kubeba kitu chenye harufu na macho. Sato ana macho. Akikutazama lazima umguse na kitu.

---

Mama Pacha Buzuruga

Mkaguzi KAONJA? Hapo mkuu umeibiwa na umekuja kujisifu.

---

Ngosha wa Pasiansi

Sato wangu hawakuwa na harufu. Wamekaangwa kwa limao na kitunguu saumu. Kilichonuka pale ni dharau. Na kama kalamu aliirudisha mfukoni, basi amekwenda kuandikia watu tiketi kwa mafuta ya samaki wangu siku nzima. Hilo mmelifikiria?

---

Fundi Simu Mabatini

Mimi waliniudhi na pawabenki. Nimelipia begi la chini vizuri, kilo zangu halali, nimekaa nasubiri, naitwa jina kwenye spika kama mhalifu. Nafika, wamelifungua begi, "toa pawabenki." Kumbe kule chini hairuhusiwi, betri za lithiamu zikishika moto kwenye mizigo hakuna wa kuzima, inabidi ziwe juu na abiria. Sawa, nimeelewa. Lakini si wangeniuliza pale kaunta? Wanakuuliza kama umebeba kisu, bunduki na petroli. Nani anapanda ndege na petroli?

Halafu kijana akaikodolea macho, eti ni kubwa mno. Nikamfanyia hesabu mbele yake: mAh 20,000 kwa volti 3.7 ni kama wati-saa 74, mwisho bila kibali ni 100. Akanyamaza. Yule alikosa mtu wa kumgusa na kalamu.

---

Dagaa Kauzu

Huyu ndiye mtu wa kusafiri naye.

---

Binti wa Sengerema

Nyote mmezoea raha. Sisi kabla ya daraja la Kigongo–Busisi tulikuwa tunapanga foleni ya kivuko na wagonjwa, na mahindi, na ng'ombe anakupumulia shingoni. Juni 2025 daraja limefunguliwa, kilomita 3, unavuka hujamaliza hata soda. Na bado naona watu humu wanalia kisa mzani. Lieni.

---

Konda Mstaafu

Daraja zuri, lakini limewaua wauza mahindi ya kuchoma pale kwenye kivuko. Yale mahindi yalikuwa na ladha ya kuchelewa.

---

Binti wa Sengerema

Yalikuwa mabichi. Tulikula kwa sababu hatukuwa na pa kwenda.

---

Mama Asali

Samahani, naingilia. Nina asali ya Tabora lita moja, natoka Mwanza naunganisha Dar kwenda Uingereza. Begi la mkononi itapita?

---

Mbeba Maboksi Leeds

@Mama Asali weka begi la chini, dada yangu. Safari za nje asali inahesabiwa kimiminika, mwisho mililita 100 kwa chupa. Sheria hii ilikuja baada ya njama ya London ya Agosti 2006, watu walitaka kulipua ndege kwa vilipuzi vya maji kwenye chupa za soda. Tangu hapo hata uji unashukiwa. Na ufunge kopo na nailoni mara mbili, asali ikimwagika kwenye nguo ni msiba.

---

Mama Asali

Asante kaka, ubarikiwe. Na karanga?

---

Dagaa Kauzu

Wakuu, swali la msingi halijajibiwa. SATO WAKO WAPI SASA HIVI?

---

Ngosha wa Pasiansi

Nilimwita mpwa wangu aliyenisindikiza na pikipiki, alikuwa hajafika mbali, akarudi akawachukua wote wanne. Nimempigia sasa hivi nimwambie awapeleke nyumbani. Anaongea huku anatafuna. Anasema yuko njiani.

Na mama mkwe ameshatuma ujumbe, ameosha sufuria.

---

Shemeji wa Bukoba

Pole sana. Shuka Dar pitia Feri, nunua samaki wa huko, mwambie ni wa ziwani.

---

Mama Pacha Buzuruga

@Shemeji wa Bukoba mama mkwe wa kumdanganya samaki hajazaliwa. Atamtazama magamba tu, posa irudishwe.

---

Mzee wa Vizimba

Mleta uzi, hao sato ni wa ziwani kweli au wa vizimba, wale wa kufugwa? Siku hizi Igombe unaweza kuuziwa wa vizimba ukaapa ni wa nyavu.

---

Konda Mstaafu

Kama ni wa vizimba, kalamu ilikuwa heshima kubwa. Wale ni mafuta matupu, ukikaanga wanasinyaa.

---

Mzee wa Vizimba

@Konda Mstaafu usiongee usichokijua. Mimi nafuga. Samaki wa kizimba yuko ziwani humo humo, maji yale yale, tofauti anakula chakula cha kupimwa. Wewe uliyekula chipsi za stendi miaka yote unamsema sato kwamba ana mafuta?

---

Konda Mstaafu

Anakula pumba, ananenepa pumba. Sato wa nyavu ana misuli, amemkimbia sangara maisha yake yote.

---

Binti wa Sengerema

Hapo konda kasema kweli.

---

Ngosha wa Pasiansi

Wakuu tumetoka kwenye mada. Kalamu. Wameanza kutuita tupande, naomba mwongozo, nikitua niandike barua ya malalamiko kwa nani?

---

Mzee wa Vizimba

@Binti wa Sengerema njoo shambani kwangu nikukaangie wawili, mmoja wa nyavu mmoja wa kizimba, nikufunge macho. Ukiwatofautisha nakupa ndoo nzima.

---

Dagaa Kauzu

Mzee, mimi nifunge macho hata sasa hivi. Kizimba chako kiko upande gani, Ilemela au Ukerewe?