Kuhamia Albury: "Upande gani wa mto?"

Ujumbe wa kwanza

Shikamooni wazee wangu, na salamu kwa ndugu wote.

Mume wangu amepata kazi Albury, hapa Australia, na tunatarajia kuhama Melbourne mwezi Januari pamoja na watoto wetu wawili: mmoja anaingia mwaka wa kumi wa shule, na mdogo wake atatimiza miaka mitano mwezi Juni. Kila ninayemwuliza kuhusu nyumba ananijibu kwa swali: "Upande gani wa mto?" Nimetazama ramani nikaona Albury na Wodonga ni kama mji mmoja uliopitiwa katikati na mto Murray, na watu huvuka daraja bila kuulizwa kitu. Je, upande una uzito gani hasa katika maisha ya kila siku? Naomba mwenye ujuzi anieleze kabla hatujatia saini mkataba wa nyumba.

Mama wa wawili, Melbourne

Jibu

Marahaba, mwanangu.

Uzito upo, na chanzo chake ni cha zamani kuliko nyumba yoyote utakayopanga. Kabla ya shirikisho la Australia la mwaka 1901, mto huo ulikuwa mpaka wa makoloni mawili ambayo leo ni majimbo, Victoria (upande wa Wodonga) na New South Wales (upande wa Albury), kila moja likiwa na serikali yake, forodha yake na reli yake. Reli ya kutoka Melbourne ilifika Wodonga mwaka 1873, ya Sydney ikafika Albury mwaka 1881, na mwaka 1883 zikaungana kwa daraja. Nasema "zikaungana" kwa shingo upande, kwa sababu reli ya Victoria ilikuwa na upana wa milimita 1,600 na ya Sydney milimita 1,435, hivyo hakuna treni iliyoweza kuendelea na safari. Mhandisi wa Sydney aliyeitwa Francis Webb Shields, Mwairishi, ndiye aliyewashawishi wakubwa wake wachague upana wa kwao Ireland. Alipojiuzulu, mrithi wake James Wallace, Mskoti, akawarudisha kwenye upana wa Uingereza, ilhali Victoria, waliokubali ule upana wa kwanza, walikwisha kuagiza vichwa vya treni na mabehewa.

Sisi tuliowahi kufanya kazi Kidatu tunaielewa hadithi hii bila kusimuliwa. Pale reli ya TAZARA yenye milimita 1,067 hukutana na reli ya zamani ya Tanzania yenye milimita 1,000, na mzigo hushushwa upande huu ukapakiwa upande ule. Albury waliishi hivyo kwa karibu miaka 80. Ukifika stesheni, tazama urefu wa jukwaa la abiria, zaidi ya mita 400: treni mbili zilisimama hapo, na abiria, wengine wametoka usingizini, wakahama na mizigo yao kutoka treni moja kwenda nyingine. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia shehena za jeshi nazo zilihamishwa papo hapo, kwa mikono ya watu. Ni mwaka 1962 tu ambapo njia ya milimita 1,435 ilifika Melbourne, na treni ikaanza kupita moja kwa moja hadi Sydney.

Reli zilipatanishwa, lakini karatasi bado zina upana wa aina mbili. Leseni ya udereva, usajili wa gari na kibali cha kufanya kazi na watoto hutolewa na jimbo unamoishi au unamofanyia kazi, wala si na mji. Kwa wanao ndipo tofauti inapouma. Huyo mdogo, kwa upande wa Albury, anaweza kuanza shule mwanzoni mwa mwaka huohuo, kwa kuwa New South Wales hupokea mtoto atakayetimiza miaka mitano kufikia tarehe 31 Julai. Victoria kikomo chao ni tarehe 30 Aprili, kwa hiyo Wodonga angesubiri mwaka mzima. Mkubwa naye atamaliza sekondari kwa mtihani wa HSC akisoma Albury, au kwa cheti cha VCE akisoma Wodonga, na masomo ya miaka miwili ya mwisho hayahamishiki kwa urahisi. Usivuke mto katikati ya miaka hiyo miwili. Hospitali ndiyo iliyotutangulia kwa busara: tangu mwaka 2009 pande zote mbili zinahudumiwa na taasisi moja.

Usidhani daraja huwa wazi siku zote. Julai 2020, kwa sababu ya korona, mpaka ulifungwa, na jirani wa Wodonga aliyeajiriwa Albury akahitaji kibali ili afike kazini kwake.

Mzee wa reli, Albury

Jibu

Dada mpendwa, Mzee amemaliza mengi. Naongeza machache kutoka Wodonga.

Usiogope ugeni. Karibu na hapa, Bonegilla, palikuwa na kambi iliyopokea wahamiaji zaidi ya 300,000 kati ya mwaka 1947 na 1971, wengi wao Wazungu waliofika kwa treni baada ya kushuka melini. Leo sisi Wakongo tupo wengi pande zote mbili, na Kiswahili utakisikia sokoni na kanisani.

Kuhusu usafiri, treni ya kwenda Melbourne huchukua takriban saa nne, na kiti lazima ukate mapema, hasa Ijumaa na Jumapili jioni. Wodonga reli iliondolewa katikati ya mji, na stesheni mpya iliyofunguliwa mwaka 2011 iko pembezoni, mbali kwa mtu anayebeba mtoto na mizigo. Stesheni ya Albury bado iko palepale pa zamani, na unaweza kuifikia kwa miguu kutoka madukani. Kama mtakuwa na gari moja tu, na mumeo ndiye atakayeondoka nalo asubuhi, pangeni Albury.

Mama Wodonga