Wenye magari ya kulala Arusha na Moshi: walikuibiaje, na ulibadilisha nini? Tupeane uzoefu

Mwenye Kruza, Njiro

Wakuu, habari za jioni. Naandika bado nina uchungu.

Nina Land Cruiser ya 1998, ile ndefu yenye vioo vya kuteleza ubavuni. Nimeifunga hema juu ya paa, friji ya gari, betri ya pili na sola. Naikodisha kwa wageni wanaopenda kujiendesha, na isipokuwa na mgeni tunalala humo na mke na watoto tukienda Eyasi au Natron.

Jumamosi nilisimama jirani na soko la Kilombero kununua mboga na mkaa. Sikukaa zaidi ya dakika ishirini. Narudi nakuta milango imefungwa, vioo vizima, kila kitu kimetulia. Naingia ndani: friji hakuna, begi la mke wangu hakuna, jiko na mtungi wa gesi wa kilo sita hakuna. Walisukuma kioo cha kuteleza mpaka kile kikomeo chake cha plastiki kikaachia, mmoja mwembamba akapenya, akawafungulia wenzake mlango wa nyuma kwa ndani. Walipomaliza wakaurudishia.

Nimewaza sana wamejuaje. Nusu saa kabla ya hapo nilikuwa sheli nikijaza mafuta, na nilifungua mlango wa nyuma wazi nikawa napanga vitu mbele za watu, friji inawaka taa. Naamini nilifuatwa kutoka pale.

Naomba aliyeibiwa au aliyenusurika aeleze yaliyomkuta yeye mwenyewe: walipitia wapi, na baada ya hapo alirekebisha nini.

Fundi wa Majengo, Moshi

Pole sana kaka. Kioo hicho kimeniletea wateja wengi. Kile kikomeo kinashika kwa ncha ndogo tu, na gari likishakuwa la zamani reli inalegea, kioo kinacheza. Dawa yake haina gharama. Funga kioo, pima nafasi inayobaki kwenye reli nyuma yake, kata kipande cha alumini au mti mgumu urefu uleule, kilaze humo ndani ya reli. Mtu wa nje atasukuma mpaka achoke. Wewe uliye ndani unakinyanyua kwa vidole unapotaka hewa.

Kama paa lako ni la kuinuka, angalia na vishikizo vyake pia. Mwaka jana nililetewa gari lililoingiwa kwa juu, usiku, mwenye gari amelala hoteli.

La pili ni gari lenyewe. Injini ya 1HZ, ile ya dizeli iliyomo kwenye Kruza nyingi za aina hiyo, ina waya mmoja unaopeleka umeme kwenye solenoidi ya pampu ya dizeli, yaani kile kivali cha umeme kinachoruhusu dizeli ipite. Waya ule ukikatika, dizeli haipiti. Mimi naupitishia kwenye swichi ndogo ya siri. Mwizi atapiga stata, injini itazunguka weee, haitawaka. Atadhani gari ni bovu na ataliacha. Ila swichi usiiweke chini ya usukani, huko ndiko wanakoanzia kupapasa. Na usimwonyeshe kila dereva au anayekuoshea gari.

Mama wa Usa River

Pole mwanangu. Mimi nilikuwa na mume wangu, tumesimama kwenye foleni mchana kweupe. Kijana akagonga kioo upande wa baba: "Mzee, tairi la nyuma limeisha upepo." Baba akashuka kuangalia, na mimi nikageuza shingo kumfuata kwa macho. Mlango wangu ukafunguliwa, mkoba uliokuwa miguuni ukaenda. Tairi lilikuwa zima. Tangu siku ile akigonga mtu hatushuki. Tunasogea taratibu mpaka mahali penye watu wetu, milango ikiwa imelokiwa.

Dereva wa Wageni, Sakina

Mimi wizi ulionikuta haukuwa wa barabarani, ulikuwa gereji. Niliacha Kruza kwa fundi mmoja, siku mbili, kubadilisha bushi. Nikalichukua, nikapakia wageni, tukaenda Karatu. Usiku wa kwanza friji ikazima saa tano. Asubuhi nafungua boneti: betri ya pili siyo yangu. Rangi ileile, kampuni ileile, ila kuukuu, imefutwa vumbi vizuri. Nikikumbuka, na jeki nayo ilikuwa imebadilika. Nilirudi kudai, nikaulizwa, "Una ushahidi gani?" Sikuwa nao.

Sasa hivi gari haliendi gereji kabla sijapiga picha za betri zote mbili, spea, jeki, redio na kilomita zilizosomeka, mbele ya huyo fundi mwenyewe. Simfichi, nataka aone. Betri nimezichonga namba ya gari kwenye plastiki kwa pasi ya kuchomelea. Taa na saitimira nilishazichora namba zamani, kama wengi mjini hapa.

Kuhusu wageni: mwaka juzi mgeni wangu kutoka Ujerumani aliacha pasipoti kwenye kibweta cha dashibodi, kikavunjwa. Safari yake ya Serengeti iliishia hapo. Polisi kwanza, halafu basi mpaka Dar es Salaam ubalozini. Alilia, na mimi nilikosa la kumwambia. Baada ya hapo nilifunga kisanduku cha chuma chini ya kiti, bolti nne zimepita mpaka sakafuni, nati zake zimechomelewa kwa chini. Mgeni akipokea gari, cha kwanza namwonyesha kisanduku hicho.

Mwenye Kruza, Njiro

Asanteni sana. Nina bima kubwa. Kuna aliyewahi kudai vitu vya ndani?

Mchaga wa Rau

Nilidai, mangi, nikanyimwa. Hema langu la juu lilifunguliwa usiku likiwa kwenye paa. Zile nati za chini ni za kawaida, mtu mwenye spana anamaliza upesi. Bima ilikuwa kubwa kweli, lakini hema na friji havikuwa vimeandikwa kwenye mkataba, gari lilikatiwa kama lilivyotoka kiwandani. Chukua risiti zako uwapelekee, waandike kila ulichoongeza na thamani yake, wakupe karatasi. Halafu uwaulize waziwazi: kikiibwa kifaa peke yake, gari likabaki, mnalipa? Jibu lake ulisome kwa maandishi.

Kijana wa Ngaramtoni

Mimi ningeweka nondo madirisha yote na kufuli nje ya mlango wa nyuma. Basi.

Fundi wa Majengo, Moshi

Hapana mdogo wangu, hapo nakukatalia kabisa. Gari hili watu wanalala ndani, na kuna gesi humo. Moto ukianza usiku unatokea wapi? Mtu akikuletea kazi ya nondo muulize kwanza kama gari ni la mizigo au la kulala. La kulala, lazima mlango wa nyuma ufunguke kwa ndani bila ufunguo, na dirisha moja kubwa liwe huru. Ufunguo wa gari uning'inie sehemu moja kila usiku, ambayo hata mtoto anaijua gizani.

Dada wa Himo

Nakubaliana na fundi. Niongeze la traka, kile kifaa kinachotuma kwenye simu mahali gari lilipo. La kwetu lilichukuliwa nyumbani alfajiri. Walikata waya unaopeleka umeme wa gari kwenye traka, lakini traka ilikuwa na betri yake ndogo ndani, ikaendelea kutuma. Lilikutwa limeachwa baada ya Longido, njia ya Namanga. Kutoka Arusha mpaka mpakani ni kama kilomita 110 tu, kwa hiyo kila dakika ina maana. Laini iliyomo kwenye traka iwekeeni salio. Yetu ilikuwa imebaki na siku mbili kuisha kifurushi, nikikumbuka hilo mwili unasisimka.

Mpanda Mlima, Marangu

Mnaoacha gari siku tano au sita mkiwa mlimani, msiache chochote ndani. Mimi nalipia chumba cha stoo kwa mwenyeji, friji na mtungi vinalala huko. Mapazia nayaacha wazi ili kila apitaye aone gari ni tupu.

Mwenye Kruza, Njiro

Nimesoma yote pamoja na mke wangu. RB ya polisi, ile namba ya taarifa ya wizi, tumechukua. Leo jioni nimekagua gari na tochi: kioo cha kushoto nacho kinacheza, na nati za hema nimezizungusha kwa mkono, mbili zimelegea. Fundi, Alhamisi nakuja Moshi. Hivyo vipande vya alumini nije navyo?

Fundi wa Majengo, Moshi

Ninavyo. Fika kabla ya saa nne asubuhi, na gari lije tupu.