"Nakuja getini, dakika moja": hizi dakika zenu nani ananilipa?

Wakuu habari za jioni, mnisamehe kwa hasira ila leo nimechoka na watu.

Mimi napeleka vifurushi kwa baiskeli hapa Arusha, mwaka wa pili sasa. Ofisi inanilipa kwa mzigo, buku mbili katikati ya mji, buku tatu ukitoka nje kidogo, iwe unateremka Njiro au unapanda Ilboru bei ni hiyo hiyo. Anayepajua Ilboru anajua, pale ndo Meru unaanza kukuonyesha kwamba una mita 4,566, unasukuma pedeli mpaka mnyororo unalia. Sawa, kupanda nimeshazoea, silalamikii mlima. Kinachoniua ni geti.

Leo saa nne nimechukua gauni la sendofu kwa fundi Ngarenaro, la dada mmoja Ilboru. Kampigia fundi mara tatu, gauni linahitajika haraka. Mvua hii ya masika mnaiona, na tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku 2019 fundi ananifungia kwenye ile mifuko ya kitambaa, maji yanapita kama chujio. Nikavua koti langu nikalifunika gauni kwenye keria, mwenyewe nikalowa hadi soksi.

Nafika, napiga simu. "Nakuja kaka, dakika moja tu."

Dakika 50! Mlinzi hataki kupokea, eti hajaagizwa, ila kunichungulia kwenye kidirisha anaweza. Ofisini wananipigia kuna mizigo miwili ya Sakina, nasema nipo getini, ikapewa chalii wa toyo (pikipiki). Buku sita hiyo imeondoka naiangalia. (Na wale wa "si ununue toyo na wewe", nitumieni hela ya mafuta na bima basi, namba nawapa inbox.)

Dada katoka na mwavuli, hata pole hakuna, kapokea gauni: "Ngoja nijaribu kwanza." Akarudi ndani nalo. Sasa mimi nimekuwa fundi cherehani au? Dakika nyingine 20 nimesimama hapo natetemeka, mbwa anabweka upande wa pili wa geti, halafu dada anatoka kanuna, linambana kiunoni, nilirudishe kwa fundi. Nikamuuliza hela ya kurudi, akaniambia nikadai ofisini.

Ofisini sasa, bosi bila hata kuinua macho kwenye simu: mzigo haujapokelewa, hakuna malipo. Kwenda bure, kurudi bure, kusubiri bure, na breki za nyuma zimeisha kwa ule mteremko wenye tope, raba mpya natoa mfukoni kwangu.

Wenzangu mnaopeleka mizigo Moshi na Dar, kwenu kusubiri mnalipwa? Au mnaweka muda, ukipita mnageuza? Nataka kwenda kwa bosi na hoja, nikienda na hasira atanifukuza.

Gauni fundi kashalipanua, kesho asubuhi napanda nalo tena. Dada katuma meseji sasa hivi: "Kaka ukifika nibip tu, nipo."