Mada: Noah imenigonga Boma, dereva alikuwa kwenye simu. Bima wananizungusha

Mama Junior (Leicester, kwa sasa Moshi)
Shikamooni wakubwa, wengine habari za leo. Niko likizo, natumia gari la mdogo wangu. Alhamisi natoka KIA, nimeshapita Boma Ng'ombe, nikasimama kupisha wanafunzi kwenye pundamilia. Noah ikaja ikanivaa kwa nyuma. Buti imeingia ndani, shingo inauma mpaka sasa. Dereva aliteremka simu bado iko mkononi inaongea, na konda wake ndiye aliyeanza kumfokea: "Si nilikwambia uachane na hiyo simu!" Watu wote walisikia.
PF3 (ile fomu ya polisi ya matibabu) ninayo, nimetibiwa. Noah ina bima ndogo, ile ya kulipa wengine tu. Sasa ofisi ya bima wanasema ripoti ya trafiki haitaji simu popote, na bado wanataka PF90 (taarifa ya polisi kuhusu ajali), ukaguzi wa gari na matokeo ya kesi. Kila nikienda kinaongezeka kitu. Naomba msaada: (a) hiyo simu ina umuhimu kuandikwa? (b) naondoka tarehe 28, mdogo wangu anaweza kufuatilia madai yangu au ni lazima niwepo mwenyewe?

Mangi wa Reading
Pole sana dada. Huku Uingereza dereva huyo angeshakuwa amekwisha. Kushika simu tu, hata hujagonga mtu, ni alama 6 na pauni 200 tangu 2017. Leseni ikiwa haijafikisha miaka miwili ndiyo imefutwa hivyo. Kijana wangu yamemkuta, alikuwa amesimama kwenye foleni anabadilisha wimbo. Sasa anapanda basi, na mimi ndiye ninayemfuata kazini usiku.

Babu Dreva (Arusha)
Mangi, mwenzako kagongwa Boma, wewe unamletea Reading. Hapa tunatumia Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973, na mwaka huo simu ilikuwa inakaa mezani kwa mkubwa. Nimeendesha watalii maisha yangu yote, na madereva niliowaona wakipandishwa kizimbani walisomewa uzembe. Simu inaingia kama ushahidi wa uzembe huo. Kwa hiyo Mama Junior, mtafute konda kabla hajahamia gari jingine, na waliokuwa pale pundamilia, waandike maelezo polisi. Picha ulipiga?
Na usimkazanie dereva peke yake, hana kitu yule. Mwenye Noah naye anajibu, kwa sababu dereva alikuwa kwenye kazi yake.

Mama Junior
Picha za gari ninazo, babu. Za dereva na simu sina, nilikuwa natetemeka.

Dada Kijenge (New Jersey)
Pole shoga. Huku kwetu mahakama ya rufaa ilishasema mwaka 2013 kwamba hata anayemtumia dereva ujumbe anaweza kuwajibika. Mume na mke walikuwa kwenye pikipiki, kijana kwenye gari dogo la mizigo akavuka mstari, wote wawili wakapoteza mguu. Wakamshtaki na binti aliyekuwa anachati naye.

Mangi wa Reading
Naikumbuka hiyo, binti alilipishwa fedha nyingi sana.

Dada Kijenge
Hakulipishwa hata senti, soma vizuri kaka. Mahakama ilisema mtumaji anawajibika kama alijua, au alikuwa na sababu ya kujua, kwamba mwenzake anaendesha na ataufungua ujumbe palepale. Kwa binti huyo ushahidi haukutosha, akaachiwa. Lakini kanuni imebaki.

Baba Glory (Hamburg)
Basi mama yangu Kibosho ana kesi ya kujibu. Akijua niko barabarani ndiyo anapiga video, eti anionyeshe ng'ombe amezaa. Usipopokea anapiga kwa dada, dada anapiga kwangu, mwisho ukoo mzima unajua umekufa.

Dada Kijenge
😂😂 Wangu ananionyesha ndizi zilizo kwenye sufuria. Jamani nimekumbuka kiburu. Nina Desemba ngapi sijafika nyumbani, na nauli ya mwaka huu ndiyo msiseme.

Mangi wa Reading
Hiyo Desemba yenyewe barabara ya Himo haipitiki. Na trafiki na tochi zao wamejibanza kwenye migomba wanasubiri elfu thelathini zao, huku dereva anayechati kwa mikono miwili anapita wanamwangalia. Halafu wanataka diaspora tulete uwekezaji.

Baba Glory
Uwekezaji na hiyo Hadhi Maalumu yao ya sisi wa nje? Tulidai uraia pacha, siyo kadi.

Babu Dreva
Siasa mfungulie mada yake. Na Mangi, tochi inapima mwendo, haioni simu. Mama Junior, madai ya namna hii yana miaka 3 kufika mahakamani, kwa hiyo asikutishe mtu kwamba ukipanda ndege yamekufa. Ila hati ya uwakilishi, ya kumruhusu mdogo wako afuatilie kwa niaba yako, sijui bima wanaipokeaje, wenye uzoefu waseme.

Baba Glory
Mimi niliandika moja ya kiwanja. Wakili akagonga muhuri, ardhi wakaikataa kwa sababu haijasajiliwa, nikairudia. Kaka yangu akaitumia kuuza na kiwanja cha pili ambacho hakikuwemo. Hadi leo hatusalimiani.

Mama Junior
Baba Glory pole, lakini mimi nauliza bima. (b) bado jamani, nimebakiza siku chache.

Mangi wa Reading
Kwani mdogo wako si ndiye mwenye gari? Kadi ina jina la nani?

Mama Junior
La shemeji yake.

Mangi wa Reading
Aisee.

Dada wa Slough
Samahani kuingilia mada. Mama Junior, hiyo tarehe 28 una nafasi ya kilo mbili? Mama ataleta Moshi mjini, ni magadi na unga wa ulezi tu.