Nasoma mpaka naona naelewa, nikishika peni hakuna kitu. Tatizo nini?

Muuza dagaa Gungu
Wakuu habarini, niko Kigoma, narudia fomu foo kama praiveti. Asubuhi nipo Kibirizi na dagaa, usiku nasoma. Bailojia daftari zima nimelipitia mara nne, nimepaka haileta mpaka kurasa zote njano, nikisoma najua hadi sentensi inayofuata. Juzi dada kaniuliza tu, chakula kinasagwaje kuanzia mdomoni? Nikafika tumboni nikakwama. Nina akili nzito au nasoma vibaya? Mtihani Novemba jamani.

Ticha wa Tabora
Mdogo wangu akili yako haina shida, macho ndo yamezoea ukurasa, na kuzoea siyo kukumbuka. Mwanasaikolojia John Flavell wa Marekani miaka ya 1970 aliliita hili jambo metakognisheni, yaani akili kujichungulia yenyewe, hiki nakijua hiki bado, basi nifanyeje. Wewe unajichungulia ila kipimo chako ni kibovu. Mwaka 2006 watafiti Roediger na Karpicke waliwapa wanachuo kifungu, wengine wakakisoma tu tena na tena, wengine wakakisoma kisha wakawa wanafunga na kuandika wanachokumbuka. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma wakawa mbele. Baada ya wiki wakawa wanakumbuka kama asilimia 40, na waliosoma kidogo wakajipima sana kama 61. Na sasa sikia hii, waliorudia kusoma ndio waliokuwa na uhakika zaidi kwamba watakumbuka! Hapo ndipo ulipo wewe, na wanafunzi wangu wengi tu wapo hapo hapo.

Mama Pacha
Pole mwanangu, mimi nilisoma QT, ule mtihani wa kufuzu wa watu wa nje ya shule, nikiwa na watoto wawili mgongoni na kifuani. Nilikuwa nikimaliza mada nalikalia daftari, nalikalia kweli, nisije nikachungulia, halafu naandika kwa chaki kwenye mlango wa jikoni kila kinachokuja. Kisha nalifungua, nilichosahau nakiandika kwa peni nyekundu, kesho naanza na vile vyekundu tu.

Muuza dagaa Gungu
Asante mama, shikamoo. Nimejaribu jana, kurasa mbili nimetoa mistari sita, nyongo nimeisahau yote inatoka wapi inafanya nini. Imeniuma sana aisee. Ila ticha, nijipime palepale nikimaliza kusoma au nisubiri?

Ticha wa Tabora
Palepale andika kama mama alivyosema, ila usijipe maksi kwa hilo, maana bado ni la moto kichwani, kila mtu anajiona anajua. Watafiti Nelson na Dunlosky mwaka 1991 walionyesha kwamba ukikaa kidogo ndo ujikadirie, makadirio yako yanakuwa ya kweli zaidi. Kwa hiyo soma usiku, alfajiri ukiwa unasubiri mitumbwi chukua karatasi tupu, daftari liache nyumbani. Na panga ratiba kwa maisha yako siyo ya watu wa bweni, siku za mbalamwezi si hawavui? Hizo ndo siku zako za pastpepa, kaa na saa mbele yako fanya nzima, sahihisha mwenyewe, uone mada gani inakula maksi ndo uipe muda.

Muuza dagaa Gungu
Kweli kabisa, mbalamwezi huwa nalala tu. Naanza na ini na nyongo kesho alfajiri, nitaleta mistari nimefikisha mingapi.