Mrejesho: Picha za printa sasa zinakaribiana na za skrini

Nawashukuru mlionijibu nilipouliza kwa nini picha zangu hutoka kwenye printa zikiwa na giza na wekundu kuliko zinavyoonekana kwenye skrini.

Giza lilitokana na mwangaza wa skrini, ambao mara nyingi huwekwa juu mno tangu kiwandani. Nilipoupunguza hadi kandela (kipimo cha mwangaza) 100 hivi kwa mita ya mraba, kwa msaada wa kifaa cha kupimia rangi, tofauti ilipungua sana hata kabla sijaigusa printa. Wekundu ulikuwa na chanzo kingine: programu ya kuhariri picha na ile ya printa zote zilikuwa zikirekebisha rangi, hivyo marekebisho yalifanyika mara mbili. Nimezima marekebisho ya printa na, kwenye programu ya kuhariri, kuchagua profaili ya ICC, yaani faili linaloeleza jinsi rangi zinavyotoka kwenye karatasi fulani, ya karatasi ninayotumia (ya karatasi nyingine haifai, hata wino ukiwa uleule).

Imebaki buluu iliyokolea, ambayo wino wangu hauifikii, na sidhani kuna mpangilio utakaoiponya. Picha zenyewe sasa nazikagua chini ya taa ya mwanga mweupe (kelvini 5000), kwa kuwa balbu ya manjano ilikuwa ikinipotosha.