Kashata za zawadi ya Idi zimegoma kushikana

Mwali wa Ngamiani: Wapendwa, mfuko umetoboka, kwa hiyo Idi hii shangazi zangu wanne nawapelekea kashata za nazi za mkono wangu. Jana nimepika nazi 2 na sukari nusu kilo. Asubuhi nakata, zinamomonyoka kama chenga za mchele. Mdogo wangu anazila kwa kijiko, anacheka. Nimekosea wapi?

Bi Mkubwa: Pole mwanangu. Shira ya sukari hukuifikisha. Chovya mwiko, gusa kwa kidole na gumba: ikivuta uzi, ndipo utie nazi na iliki. Koroga mpaka iachie sufuria. Na asubuhi yote hiyo ulikuwa unangoja nini? Hukatwa zingali na moto!

Msusi: Usizifunge na joto lake, zitatoa jasho. Mimi huzipanga kwenye kikapu kidogo cha ukili, ule utepe wa majani yaliyosukwa.

Mwali wa Ngamiani: Kumbe! Mimi nilienda zangu kulala. Zile chenga nimezirudisha motoni na maji kidogo, zimeshika. Sasa shangazi wa Pangani ana kisukari, huyo je?

Msusi: Msukie kipepeo cha kujipepea. Ukili ninao, njoo.